Mama, Nitakuja Theluji Ikiyeyuka

Zemo Lari, Racha
9 Oktoba 2011

Mpendwa Mwalimu Tsiuri,

Hunijui. Mimi ndiye ninayelala kitandani kwako.

Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili nikairudisha, kwa sababu sikupata nyingine iliyo ya kweli zaidi. Naitwa Gwenno. Nina miaka kumi na minane, nilimaliza shule mwezi Juni, na shirika moja la kujitolea limenileta hapa Georgia kufundisha Kiingereza hadi Juni ijayo. Mkuu wa shule, Bwana Guram, aliniambia kwamba kabla hujaenda kufanya kazi Italia, wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wa Kiingereza hapa kwa miaka kumi na mitano. Madaftari yako ya maandalio bado yamo kabatini darasani. Nayatumia. Naomba radhi kwamba sikuomba ruhusa kwanza.

Kuna jambo jingine la kukiri. Watu hapa wananiita Mwingereza nami nashindwa kuwasahihisha. Mimi ni wa Wales. Nyumbani, kwenye shamba letu la kondoo, tunasema Kiwelisi, na Kiingereza chenyewe nilikishika vizuri nilipoanza shule. Kwa hiyo mmeletewa mwalimu mgeni wa lugha ambayo hata kwake ni ya kujifunza.

Mkweo, Bibi Venera, ananitunza sana. Nikimaliza chakula anadhani bado nina njaa, nikibakiza anadhani nimeudhika. Sijui pa kusimama katikati. Binti yako Tekle ni mtoto mpole. Haongei nami sana, na mimi siongei naye sana. Jioni tunakaa, yeye upande wake wa jiko la kuni na mimi upande wangu, yeye na daftari lake na mimi na langu. Kwa mtoto wa miaka kumi anaandika mengi mno.

Nguo zako nimezisogeza upande mmoja wa kabati. Sijazitoa.

Wako kwa heshima,
Gwenno Parry


Bari
30 Oktoba 2011

Gwenno mpendwa,

Barua yako imenifikia ndani ya gunia la kokwa za jozi, chini ya jibini, kwa mkono wa Bwana Murman, dereva wa basi la vifurushi. Inanukia nyumbani. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Usinichukulie vibaya, ni mazoea. Sikupata kosa hata moja, nikasikitika kidogo.

Niandikie tena. Kiingereza changu kinaoza huku. Bikizee ninayemtunza, Assunta, anasema nami Kiitalia cha kijijini kwao, nami akikataa kula namgombeza kwa Kigeorgia, na tunaelewana kuliko watu wengi waliooana. Lakini sentensi kamili ya Kiingereza sijaisema kwa mtu tangu nifike, na ni miaka mitatu sasa.

Sahani: weka kiganja juu yake. Hiyo ndiyo lugha pekee ambayo Venera anaiheshimu. Jiko la darasani: upepo ukitoka upande wa mtoni litatoa moshi, basi fungua dirisha la pili. La kwanza usiliguse, litakuangukia. Madaftari yangu tumia, na ukikuta nimemchora Bwana Guram na masikio ya punda, ng'oa ukurasa huo uutie jikoni uungue.

Sasa nakuuliza jambo moja, unijibu kama mtu mzima. Tekle hunitaja? Kila Jumapili napiga simu, nami nina dakika ishirini tu, wakati Assunta amelala. Tangu Agosti mwanangu haji kwenye simu. Venera anasema yuko kwa kuku. Venera anasema anaoga. Venera anasema amelala. Mtoto gani wa kijijini amelala saa kumi alasiri? Sababu naijua mwenyewe, siwezi kukuandikia. Mwangalie tu kwa niaba yangu, uniambie.

Tsiuri


Zemo Lari
20 Novemba 2011

Mpendwa Mwalimu Tsiuri,

Theluji imefika. Asubuhi tunachimba njia kutoka mlangoni hadi zizini, na kila mtoto anakuja shule na gogo moja la kuni kwapani.

Nilikuahidi moyoni kwamba nitakuandikia ukweli. Basi ukweli ni kwamba wiki iliyopita nilipitisha siku nne bila kumwambia mtu mzima yeyote sentensi nzima. Si kosa lao. Ninayapanga maneno kichwani, na yakishakuwa tayari watu wameshahamia jambo jingine. Siku ya tano nilienda zizini nikamsemesha ng'ombe Kiwelisi. Alinisikiliza vizuri. Sasa naenda kila siku baada ya shule.

Jirani yenu Lamara alikuja kusaga mahindi akanitazama muda mrefu, akasema, "Venera, huyu Mwingereza wako ana ulimi, au mmeletewa picha?" Nilimwelewa kwa sababu wiki hiyo nilikuwa nimefundisha viungo vya mwili. Bibi Venera akamjibu kitu, kisha akanigeukia akaniita bibi, na wote wawili wakacheka.

Ananiita hivyo kila siku. Bibi, vaa kofia. Bibi, kula. Neno hilo nalijua, lilikuwa somo la kwanza katika kitabu changu. Najua ninatembea nimeinama, na sweta langu ni la kizee. Lakini nina miaka kumi na minane tu, na usiku, nisamehe, huwa nalifikiria neno hilo sana.

Shuleni pia naona sifundishi kitu. Niliwapa darasa la tano kazi: andika maneno ambayo watu wa nyumbani hukuambia. Wamekosea wote, na kosa ni lile lile. "Baba yangu huniambia: Baba, leta kuni." "Bibi yangu huniambia: Bibi, funga mlango." Nikachora mti wa ukoo ubao mzima. Tukakariri: mama na binti, baba na mwana, bibi na mjukuu. Walikariri vizuri kabisa. Nikawapa kazi tena, wakakosea tena. Msichana mmoja, Nutsa, aliniambia kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa, "Mwalimu, lakini ndivyo anavyosema." Nikampa sifuri. Nilijisikia vibaya, lakini kosa ni kosa.

Sasa habari njema, nimeiweka mwisho makusudi. Jumatano Tekle aliacha daftari lake wazi kando ya jiko. Nilidhani ni kazi ya shule nikalisoma. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko mzuri:

"Mama, nitakuja theluji ikiyeyuka. Mama, usilie. Mama, nguo zangu nimeshafunga."

Mwalimu, sikujua kwamba anakuja kwako! Kwa nini Bibi Venera hakuniambia? Nimefurahi mno kwa ajili yenu. Uliuliza kama anakutaja. Hakuna siku asiyokutaja, ila anakutaja kwenye karatasi. Na anakufariji wewe, mtoto wa miaka kumi.

Nilijikaza nikamwendea. Yeye Kiingereza chake ni kidogo na mimi Kigeorgia changu ni kidogo. Nikaweka kidole kwenye ile sentensi ya kwanza, nikamwonyesha barua yako, nikasema, "Mama. Theluji. Kweli. Mwalimu anajua."

Alinitazama. Akauliza, "Kweli?"

Nikasema, "Kweli."

Akatoka mbio akienda kwa bibi yake, hata viatu hakuvaa. Hii ni mara ya kwanza tangu nije hapa nimemfurahisha mtu.

Wako,
Gwenno


Bari
28 Novemba 2011

Gwenno,

Nakuandikia haraka, nimesimama jikoni. Barua yako bado haijafika, Murman amechelewa mpakani. Sijui umefanya nini, lakini jana nilipopiga simu aliyepokea si Venera. Ilikuwa sauti ya Tekle. Hakunisalimu hata. Alianza tu kunihadithia, kuku, Nutsa, meno, theluji imefika wapi, kana kwamba tuliachana jana. Dakika ishirini zikaisha yeye akiwa katikati ya sentensi.

Assunta aliamka akanikuta nimekaa sakafuni. Akadhani nimefiwa.

Nakutumia soksi za sufu na kahawa. Umefanya nini, wewe binti?

Tsiuri


Bari
4 Desemba 2011

Mama,

Hapana, sijakosea. Hii ni barua yako. Isome hadi chini.

Kwetu, mama humwita mtoto wake mama. Baba humwita mtoto baba, awe wa kike au wa kiume. Bibi humwita mjukuu bibi. Anayeita hulivua jina lake mwenyewe akamvika mtoto, kama unavyovua koti ukamfunika anayetetemeka. Hatufundishani jambo hili, ndiyo maana hakuna aliyekuambia. Nani angedhani kwamba kuna watu wasiojua?

Kwa hiyo Nutsa alisema kweli. Ndivyo anavyosema bibi yake. Mrudishie alama zake na uufute ule mti ubaoni kabla Guram hajaamua kuutundika ofisini. Na Venera hakukuita kizee. Amekufanya mjukuu. Nimekaa na mwanamke huyo tangu niolewe na mwanawe, nikamzika naye mwanawe huyo, na sijawahi kumsikia akimwita hivyo mtoto wa mtu mwingine. Walicheka kwa sababu hujibu. Ukiitwa unajibu "naam, bibi", basi.

Sasa daftari la Tekle.

Maneno yale si yake. Ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia, kwenye simu, kwa miaka mitatu: Mama, nitakuja theluji ikiyeyuka. Mama, usilie. Mwezi Machi mwaka huu nilimwambia nguo zangu nimeshafunga, na si uongo, nilikuwa nimezifunga, zilikaa chini ya kitanda wiki mbili kisha nikazifungua. Agosti akaacha kuja kwenye simu. Na kumbe alikaa akayaandika yote kwa lugha ambayo bibi yake hawezi kuisoma. Lugha hiyo nilimfundisha mimi.

Gwenno, sina kibali cha kuishi hapa. Nikitoka Italia sitaruhusiwa kuingia tena, na nyumba yote hiyo unayoiona inakula kutoka hapa, pamoja na dawa za Venera. Siji theluji ikiyeyuka. Mwakani siji, na mwaka wa pili sijui.

Alikuwa ameacha kuniamini. Halafu mwalimu mgeni, mtu asiyesema neno kwa siku nne, akamwonyesha barua yangu akasema kweli.

Sikulaumu. Uliyasoma jinsi mtu yeyote wa kwenu angeyasoma. Lakini nakuomba jambo moja kubwa: usimwambie. Najua ninachokuomba. Anaongea nami tena. Leo ameniimbia wimbo wote wa shule, beti nne. Niachie hilo mpaka theluji iyeyuke, halafu nitaona la kusema.

Tsiuri


Zemo Lari
15 Januari 2012

Mpendwa Mwalimu Tsiuri,

Nimechelewa kujibu. Niliianza barua hii kabla ya Krismasi yenu ya Januari na kuna kurasa tano jikoni zilizoungua.

Siku niliyopata barua yako, Bibi Venera aliniita nichukue maji. Nikajibu, "Naam, bibi." Hakugeuka. Aliendelea kukoroga chungu. Chungu chenyewe hakikuwa na kitu.

Nimewarudishia wote wa darasa la tano alama zao. Bwana Guram aliposikia alicheka hadi akatafuta kiti. Akaniuliza, "Kwa hiyo ulitaka kuturekebishia koo zetu nchi nzima, kwa kalamu moja?" Sasa Lamara akinikuta njiani ananiita mama, na watoto wa darasa la pili pia wananiita mama kwa mzaha, na wote tunacheka. Miezi mitatu nililala nikidhani nadhihakiwa, kumbe nilikuwa nimepewa nyumba.

Ningekuwa na furaha kabisa. Lakini nakuambia Tekle anafanya nini.

Kila asubuhi anachomeka fimbo kwenye theluji kando ya uzio, anatia alama kwa kisu. Akirudi shule anaipima tena. Darasa zima linajua unakuja. Bibi Venera ameacha mtungi mmoja wa divai bila kufunguliwa, na sikukuu ilipopita na wageni wakaja, akafungua mwingine. Sijui kama yeye anaamini. Simuulizi, naye hunitazama kama mtu anayengoja aulizwe.

Juzi Tekle aliniuliza mimi nitalala wapi wewe ukija. Kabla sijajibu akasema nisiwe na wasiwasi, nitalala naye, yeye halali vibaya, harushi mateke.

Kabla ya barua yako nilikuwa mpweke kwa sababu sikueleweka. Sasa naeleweka na upweke umezidi. Kila anayenisemesha ananisemesha kuhusu kuja kwako, nami najibu "ndiyo, ndiyo", na Kigeorgia changu kinaendelea vizuri kwa uongo huo. Ng'ombe peke yake ndiye nimemwambia.

Naomba, Mwalimu. Mwambie, au niruhusu nimwambie mimi. Kila siku alama kwenye fimbo inashuka, na kila siku anayotia alama ni siku atakayotuhesabia baadaye, mimi na wewe.

Wako,
Gwenno


Bari
1 Februari 2012

Mwalimu Gwenno,

Una miaka kumi na minane. Juni utapanda ndege, utawaonyesha wenzako picha za theluji na za ng'ombe, na mwakani utakuwa chuoni. Sikulaumu kwa hilo, ndivyo inavyopasa. Lakini usinifundishe mimi namna ya kuzitumia dakika zangu ishirini.

Unadhani sijui siku zinahesabiwa? Mimi ndiye ninayelala nazo.

Usiniandikie tena habari za fimbo. Usimwambie.

Tsiuri


Zemo Lari
4 Machi 2012

Mpendwa Mwalimu Tsiuri,

Sikukutii. Naanza na hilo ili usisome barua yote ukilitafuta.

Unakumbuka shule inavyofanya kwa Siku ya Mama. Mwaka huu tarehe tatu iliangukia Jumamosi, kwa hiyo sherehe ilikuwa Ijumaa. Kila mtoto huweka kiti kwa ajili ya mama yake, na watoto ambao mama zao wako Italia au Ugiriki, ambao darasani kwangu ni sita, huwakalisha bibi au shangazi. Jumatano Tekle alimwomba Bwana Guram nafasi ya kiti safu ya mbele. Bwana Guram akamjibu kwamba miguu ya Bibi Venera inamuuma, basi tumwekee karibu na jiko. Tekle akasema, "Si cha bibi." Theluji uwanjani ilikuwa imebaki vipande tu. Alikibeba kiti kutoka nyumbani, kile chenye mto wa kijani, kichwani, njia nzima.

Bwana Guram alinitazama. Anajua kwamba tunaandikiana. Hakuniuliza kitu, na kama angeniuliza ningemdanganya, na hapo ndipo nilipojiogopa.

Alhamisi baada ya shule nilimkuta zizini akimpa ng'ombe majani. Nilikuwa nimepanga maneno siku nzima, na kama kawaida yangu yote yakanipotea. Nikamwambia, "Tekle, mama haji. Barua haikusema anakuja. Mimi ndiye niliyesema, na nilikuwa sijui ninachosema. Kosa ni langu."

Aliendelea kutoa majani kwenye tenga.

Akauliza, "Amekuambia haji?"

"Ndiyo."

"Alikuambia lini?"

Nikasema Desemba.

Akahesabu kwa vidole, nikimwona. Kisha akasema, "Basi Krismasi ulikuwa unajua. Nilipokuambia utalala kwangu, ulikuwa unajua."

Nikasema ndiyo. Nilitaka kumweleza kwamba wewe ulinikataza. Sikumweleza. Sikuona kwamba hilo lingempunguzia kitu.

Hakulia. Alimaliza majani, akafunga mlango wa zizi, akaingia ndani. Sijui alimwambia bibi yake nini, lakini wakati wa chakula cha jioni Bibi Venera hakuniita kwa jina lolote. Aliniwekea sahani tu.

Ijumaa Tekle hakusoma shairi alilopangiwa. Kiti chenye mto wa kijani kilikaa mbele kitupu wimbo mmoja baada ya mwingine, watu wakikizunguka kwa macho. Nutsa alitaka kuweka koti lake juu yake, mama yake akamzuia mkono. Mwisho Tekle akakichukua akakirudisha nyumbani kichwani kama alivyokileta. Nilimfuata nyuma mbali kidogo. Sikuthubutu kumpokea.

Jana asubuhi nilikuwa nimeanza kukunja nguo zangu. Nikasikia ananiita mlangoni. Alikuwa na daftari. Akauliza, bila kunitazama, "Mwalimu, 'sijui nitakuja lini' Kiingereza chake kikoje?"

Nikamwandikia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kitanda chako, akanakili polepole, akaongeza neno moja mwanzoni, akachana ukurasa akanipa.

Akasema, "Mpelekee. Hii anaweza kuisema. Akiisema nitamsikiliza."

Nimeuweka ndani ya bahasha hii. Sikuusahihisha, hauna kosa.

Ukitaka nihame, shirika limesema kuna shule nyingine mjini inayohitaji mtu. Nitaelewa. Nimekufanyia jambo ulilonikataza, na nimelifanya kwa sababu nilishindwa kuvumilia, wala si kwa sababu nilikuwa na hakika. Hakika sina hata leo.

Gwenno


Bari
26 Machi 2012

Gwenno,

Nilikukasirikia siku nne. Assunta alikula chumvi nyingi siku hizo, maskini, kosa lisilo lake. Siku ya tano nilikuwa nimechoka. Usihame. Zirudishe nguo zako kabatini, na zangu mpe Lamara ashone za Tekle, anakua. Venera amekasirika kwa sababu hukumwambia yeye kwanza. Kaa naye umwambie kila kitu tangu mwanzo. Atakugombeza, na wakati anakugombeza utasikia anakuitaje.

Jumapili ya tarehe kumi na nane nilipiga simu. Venera akasema yuko kwa kuku. Nikamwambia, mama, mwambie nina sentensi moja tu. Akaja. Nilisikia anapumua.

Nilikuwa na ukurasa wake mkononi. Nikausoma kwa Kiingereza jinsi alivyouandika: Mama, sijui nitakuja lini. Kisha nikasema vivyo hivyo kwa lugha yetu, na hapo sauti ilinikatika. Miaka mitatu nimemwahidi bila kigugumizi, nikaja kukwama kwenye maneno matatu ya kweli.

Dakika zilikuwa zinakwenda, nikaziacha ziende. Nikadhani ameiweka simu mezani akaondoka.

Halafu akauliza, "Leo umekula nini?"

Nikamwambia dengu. Akauliza kama ziliungua. Nikasema kidogo, kwa chini. Akaniambia nisizikoroge zikiungua, nihamishie chungu kingine, ndivyo bibi anavyofanya. Nikamshukuru. Akasema haya, anaenda kwa kuku kweli sasa, akakata. Nilibaki na dakika kumi na moja ambazo sikujua nizifanyie nini.

Jana akaja tena kwenye simu. Hakutaja theluji. Akauliza lile lile. Ulimi ulikuwa umeshaanza kusema supu ya kuku, Gwenno, supu nzuri yenye mayai. Nikaumeza. Nikamwambia mkate mkavu, tena nimeula nimesimama.

Akanigombeza mpaka dakika zikaisha.

Tsiuri